Dawa Mbili za Maumivu, Ukoo Mmoja

Maelezo yaliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa watumiaji wa dawa



 Tulipowaalika, tuliomba kila mmoja aje na dawa za maumivu alizonazo nyumbani, ziwe bado zimo ndani ya boksi, zimo kwenye kibahasha cha dukani, au zimefungwa kwenye pindo la khanga. Tunaona wengi mmeitikia. Zishikeni kwanza, tutazirudia.

Tuanze na mfano. Tuseme yupo mchukuzi wa mizigo hapa sokoni, mzee wa miaka 55, ambaye mgongo umekuwa ukimsumbua. Anakwenda dukani na kupewa diklofenaki, naye anaimeza asubuhi na jioni kama alivyoelekezwa. Siku ya tatu nafuu ni ndogo. Mwenzake anamgawia ibuprofeni, akimwambia kuwa hiyo ndiyo iliyomponya yeye, basi mzee wetu anaimeza juu ya ile ya kwanza. Usiku kichwa kinamgonga, na mkewe anatoa kabatini vidonge viwili vya aspirini. Mtu huyu hakufanya jambo lolote la hatari kwa kadiri anavyojua. Kila dawa aliyoimeza imeruhusiwa kuuzwa, kila moja ameimeza kwa kipimo chake, na kila aliyempa alimpa kwa nia njema. Hata hivyo, kwa siku moja amemeza dawa tatu zinazofanya kazi ileile mwilini kwa njia ileile. Wiki moja baadaye anaona choo chake ni cheusi, anasikia kizunguzungu akiinama kunyanyua gunia, na anadhani ni uchovu.

Mfano huu tumeutunga, lakini hauna kitu kigeni ndani yake. Wauguzi waliomo humu ukumbini wanaweza kuusimulia vizuri kuliko sisi.

Dawa tunazozungumzia ni zile zinazotuliza maumivu kwa kupunguza uvimbe, ambazo wataalamu huziita dawa za kupunguza uvimbe zisizo steroidi. Ni ukoo mkubwa. Humo mna aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, aseklofenaki, naprokseni, ketoprofeni, indometasini, piroksikamu, meloksikamu na selekoksibu. Mna pia asidi ya mefenamu, inayotumiwa na akina mama wengi wakati wa maumivu ya hedhi. Tatizo ni kwamba wanaukoo hawa hawatembei kwa majina hayo. Kila kiwanda huipa dawa yake jina la biashara, likaandikwa kwa herufi kubwa na rangi ya kuvutia, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa na maboksi matatu ya rangi tatu akaamini ana dawa za aina tatu.

Jina la kweli la dawa, yaani jina la kiambata kinachofanya kazi, huandikwa kwa herufi ndogo zaidi chini au kando ya jina la biashara. Majina haya huratibiwa na Shirika la Afya Duniani, na kwa kawaida dawa za jamii moja hupewa mkia unaofanana. Kwa hiyo hata asiyejua dawa anaweza kuutambua ukoo huu kwa macho. Jina likiishia na herufi -profen, au -fenac, au -oxicam, au -coxib, mmekutana na mmoja wao. Aspirini na indometasini hazina mikia hiyo, nazo inabidi zikumbukwe kwa majina yake. Parasetamoli si wa ukoo huu, na tutaeleza baadaye kwa nini jambo hilo ni faida kwetu.

Sasa, kwa nini mbili zisiwe bora kuliko moja? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1971, pale mtaalamu wa Uingereza aitwaye John Vane alipoonyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Aspirini ilikuwa imeuzwa tangu mwaka 1899, na watu walikuwa wameimeza kwa zaidi ya miaka 70 bila kujua inavyofanya kazi. Kwa ugunduzi huo Vane alishirikishwa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1982. Prostaglandini huzalishwa karibu kila mahali mwilini. Penye jeraha huleta uvimbe, joto na maumivu, na hapo ndipo tunapotaka zizuiwe. Lakini tumboni ndizo zinazosaidia kutengeneza ute unaoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake lenyewe. Kwenye figo, ndizo zinazoiweka wazi mishipa midogo inayopeleka damu pale mwili unapopungukiwa maji. Dawa ikishaingia kwenye damu haichagui. Haijui kwamba ni mgongo tu unaouma. Inakwenda kote, na kote inazuia.

Dawa moja ya ukoo huu ikimezwa kwa kipimo chake kamili huwa imekwisha kuvizuia kwa sehemu kubwa vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini. Ya pili ikija inakuta kazi imekwisha kufanyika, na nafuu inayoongeza ni ndogo mno. Lakini tumbo na figo, ambazo zilikuwa zikijikinga kwa kile kidogo kilichobaki, sasa zinanyang'anywa hata hicho. Ndiyo sababu wataalamu hawatoi dawa mbili za ukoo huu kwa mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Ipo hali moja tu ambapo mbili hukutana kwa makusudi, nayo ni ya aspirini ndogo ya moyo. Tutaifikia.

Kuhusu tumbo inatubidi tukae kidogo, maana hapa pana imani nyingi na baadhi yake tumezisikia hata kwa watoa huduma. Wapo wanaosema kwamba dawa hizi huunguza tumbo kwa kuligusa tu, hivyo ukichomwa sindano tumbo limepona. Ni kweli kwamba kidonge hugusa ukuta wa tumbo na kuukera. Lakini madhara makubwa zaidi huja kupitia damu, kwa ule mzunguko tulioueleza, na damu ya aliyechomwa sindano ya diklofenaki hufika tumboni kama damu ya aliyemeza kidonge. Vivyo hivyo kwa dawa ya kuweka njia ya haja kubwa. Kwa hiyo mtu anayechomwa sindano asubuhi kwenye zahanati, kisha akarudi nyumbani kuendelea na vidonge vyake vya ibuprofeni, amechanganya dawa mbili, hata kama kimoja tu ndicho kilichopita kinywani.

Wengine hutegemea chakula. Kula kwanza kunasaidia kupunguza kiungulia na kichefuchefu, na sisi tunashauri mle. Ila chakula hakizuii vidonda vya tumbo vinavyoletwa na dawa hizi, kwa sababu hiyohiyo. Na wapo wanaomeza omeprazoli kama kibali cha kuongeza kidonge cha pili. Omeprazoli hupunguza asidi na kwa kweli huwakinga wengi wenye haja ya kutumia dawa hizi kwa muda mrefu. Lakini haiikingi figo, wala haiukingi moyo. Hatujapata kuelewa kwa nini mtu anunue dawa ya pili ya maumivu isiyomsaidia, kisha anunue ya tatu ya kumkinga na hiyo ya pili.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni kwamba kidonda kinachotokana na dawa hizi kinaweza kuvuja damu bila kuuma kwanza. Mtu anasubiri maumivu ya tumbo yamwonye, ilhali amemeza dawa ya kuyanyamazisha maumivu. Onyo huja kwa njia nyingine. Huja kwa choo cheusi chenye kunata kama lami, matapishi yanayofanana na machicha ya kahawa, udhaifu wa ghafla, au kizunguzungu mtu akisimama. Anayeona dalili hizo asimeze kidonge kingine cha aina yoyote cha ukoo huu, wala asingoje kesho. Aende hospitali, na achukue maboksi ya dawa zake. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa wazee wa miaka zaidi ya 60, kwa aliyewahi kupata vidonda vya tumbo, kwa mnywaji wa pombe, na kwa anayetumia dawa za steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asiguse dawa hizi kabisa bila daktari wake kujua. Baadhi ya dawa za sonona pia huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Anayezitumia aulize kwanza.

Twende kwenye aspirini ya moyo. Baadhi yenu, au wazee wenu, hupewa kidonge kidogo cha aspirini kila siku, cha miligramu 75 au 100, baada ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi. Kidonge hicho hakikutolewa kwa ajili ya maumivu. Kinafanya chembe sahani za damu zisishikamane ovyo na kuziba mshipa. Aspirini hufika kwenye kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe sahani na kukiharibu moja kwa moja; chembe hiyo haitengenezi kingine, na huishi hivyo hadi mwisho wa maisha yake ya siku 7 hadi 10. Hapo ndipo ibuprofeni inapoleta matatizo. Ibuprofeni hukalia mahali palepale, lakini kwa muda tu, kisha huondoka. Ikiwa imetangulia, aspirini hukuta mlango umezibwa, na kwa kuwa aspirini yenyewe haikai sana kwenye damu, inapita bila kufanya kazi yake. Saa chache baadaye ibuprofeni nayo inaachia, na chembe sahani zinabaki huru. Mgonjwa anaamini amemeza kinga yake ya moyo, kumbe leo hana kinga.

Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo kuhusu jambo hili. Inapolazimu mtu wa aspirini ya moyo kumeza ibuprofeni ya miligramu 400 mara mojamoja, aimeze angalau dakika 30 baada ya aspirini ya kawaida, au zaidi ya saa 8 kabla yake. Hesabu hiyo haihusu aspirini yenye ganda la kuchelewesha kuyeyuka. Na hata saa zikipangwa vizuri, hatari kwa tumbo hubaki palepale. Kwa mgonjwa wa moyo sisi tunaona ni heri kuanza na parasetamoli, na isipotosha arudi kwa daktari wake. Asije mtu akasikia maneno yetu akaamua kuiacha aspirini ya moyo mwenyewe. Hiyo aendelee nayo kama alivyoandikiwa. Cha kuachwa ni kile kilichoongezwa juu yake.

Kwa upande wa moyo kuna somo jingine. Mwaka 2004 dawa moja mpya ya ukoo huu, rofekoksibu, iliondolewa sokoni duniani na kiwanda kilichoitengeneza, baada ya kuonekana kuwa inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Ilikuwa imesifiwa kwa kuwa mpole kwa tumbo. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliweka tahadhari kama hizo kwa diklofenaki, dawa ambayo huku kwetu huulizwa dukani kama mtu anavyouliza chumvi. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi asijinunulie diklofenaki.

Figo nazo hudhurika kimya. Wenye presha wengi hutumia dawa kama enalaprili, lisinoprili au losartani, na pamoja nayo dawa ya kupunguza maji mwilini, inayomfanya mtu akojoe zaidi. Dawa hizo mbili zinafanya kazi nzuri pamoja. Ikiongezwa ya maumivu ya ukoo huu, damu inayofika kwenye vichujio vya figo inaweza kupungua mno, na figo zikashindwa ghafla, hasa kama mtu ameharisha, ametapika, au ameshinda juani bila maji. Zikiwa mbili za maumivu, hali ni mbaya zaidi. Isitoshe, dawa hizi huufanya mwili ubakize chumvi na maji na hivyo kupandisha presha. Mgonjwa hufika kliniki, presha iko juu, anaongezewa dawa ya presha, na hakuna aliyemuuliza kuhusu vidonge vya goti. Mama au mzee mwenye presha akiulizwa anatumia dawa gani, atataja za presha tu, kwa sababu za maumivu hazihesabu kuwa dawa. Tunaomba zihesabiwe. Mkojo ukipungua sana au miguu ikivimba, hiyo ni dalili ya kumwona mganga mapema.

Kuna wakati ambao hata moja ya dawa hizi haifai. Homa ya dengi ni mfano tunaoujua vizuri, kwani ililipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Ugonjwa huo hupunguza chembe sahani na unaweza kusababisha kuvuja damu. Kumpa mgonjwa aspirini, ibuprofeni au diklofenaki ni kuongeza hatari hiyo. Homa ambayo haijapimwa itulizwe kwa parasetamoli. Watoto wenye homa wasipewe aspirini. Mama mjamzito asitumie dawa za ukoo huu bila kuelekezwa na daktari, na zaidi sana kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito, maana zinaweza kuathiri figo na moyo wa mtoto aliye tumboni.

Basi mtu afanye nini na maumivu yake? Maumivu ni ya kweli, na hatukuja hapa kumwambia mchukuzi avumilie. Parasetamoli hufanya kazi kwa njia tofauti, na mtu mzima asiye na tatizo la ini anaweza kuitumia pamoja na dawa moja ya ukoo huu. Mara nyingi hizo mbili hutuliza vizuri kuliko ibuprofeni na diklofenaki zikiwekwa pamoja. Kiwango cha mwisho cha parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mnywaji wa pombe au mwenye ugonjwa wa ini apunguziwe kwa ushauri. Hapa pia pana mtego. Madukani vipo vidonge ambavyo ndani yake tayari mna diklofenaki na parasetamoli pamoja, au ibuprofeni na parasetamoli, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Anayemeza kidonge cha namna hiyo kisha akaongeza parasetamoli pembeni, anahesabu mara moja kitu alichokimeza mara mbili. Kwa goti au kifundo kinachouma, dawa ya kupaka huingia kwenye damu kidogo sana kuliko kidonge na mara nyingi ndiyo njia ya busara, ilimradi isipakwe mwili mzima huku vidonge vinaendelea.

Anayetaka kubadili kutoka dawa moja kwenda nyingine aache kabisa ya kwanza, na aulize angoje muda gani, kwa kuwa dawa hizi hazikai mwilini kwa muda sawa. Ibuprofeni hupungua kwa nusu kwenye damu katika saa 2 hivi. Piroksikamu huchukua takriban saa 50, kwa hiyo aliyeimeza jana na juzi bado anayo leo, na kesho, na mtondo pia. Maumivu yanayoendelea zaidi ya wiki moja yanahitaji kupimwa, maana hapo swali si dawa gani iongezwe bali ni kitu gani kinachouma.

Tumalizie na duka. Utaratibu wa maduka ya dawa muhimu ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 na baadaye ukachukua nafasi ya yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi, kwa lengo kwamba nyuma ya kaunta awepo mtu aliyefundishwa. Mtumieni mtu huyo. Mwambieni dawa zote mnazotumia, na mtajieni presha, vidonda vya tumbo, pumu na ujauzito kabla hajanyoosha mkono kwenye rafu. Wenye pumu wapo ambao aspirini au ndugu zake huwabana kifua kwa dakika chache tu. Na tukubali kosa lililopo upande wa utoaji. Bado vidonge vinakatwa na kutiwa kwenye kibahasha kisicho na neno lolote, naye mteja anaondoka akijua rangi tu. Mna haki ya kuandikiwa juu ya kibahasha jina la kiambata, nguvu yake kwa miligramu, na namna ya kumeza. Anayekataa kuandika, msimpe fedha yenu. Unga wa dawa za asili unaoondoa maumivu ya viungo kwa usiku mmoja nao mwutilie shaka. Katika nchi mbalimbali wasimamizi wa dawa wamekuta diklofenaki au steroidi zimechanganywa humo kwa siri.

Sasa tunaomba mzitoe zile dawa mlizokuja nazo. Wafamasia wetu wawili wako kwenye meza ile ya dirishani, na wa tatu atapita katikati yenu kwa ajili ya wazee na wenye watoto. Soma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo, mwonyeshe na jirani yako. Vilivyomo kwenye vibahasha visivyo na jina wekeni kwenye boksi hili jeupe, tutaviteketeza kwa utaratibu. Anayetumia aspirini ya moyo au dawa ya presha na akakuta ana diklofenaki mkononi, tafadhali aanze yeye.